Senta Mrefu, Lakini Ameiva?

SWALI: Ninamfundisha senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, kijana wa miaka 19, urefu mita 2.11, aliyeanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 16. Kila mechi anapata bloku (kuzuia mpira uliorushwa kikapuni) tatu au nne. Wakala anamtaka asaini mkataba wa kulipwa msimu huu. Nitajuaje kama yuko tayari?

JIBU: Kocha, bloku ziweke kando kwanza. Dhidi ya vijana anaowazidi kichwa kizima, urefu peke yake unamletea. Swali ni kama ataweza kubaki uwanjani akikutana na watu wazima.

Anza na faulo, maana hesabu yake haina ubishi. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, mechi ni dakika 40 na faulo ya tano inamtoa mchezaji. Chukua mechi zake kumi za mwisho, gawa jumla ya dakika kwa jumla ya faulo. Ukipata 4, yaani faulo moja kila dakika nne, hata akiachiwa hadi faulo ya mwisho atamudu dakika 20 tu. Kisha tazama zinatokana na nini. Anayeshusha mkono badala ya kuunyoosha wima hurekebika kwa miezi michache. Anayefanya faulo kwa sababu miguu imechelewa ana safari ndefu, na hapo ndipo masenta wabichi wengi hukwama.

Jaribu hivi: gadi (mchezaji mfupi anayeongoza mpira) mwepesi apite kwenye skrini, yaani mwenzake anayesimama kumziba mlinzi, akiwa na mpira, kisha huyo mwenzake akimbilie kikapu. Senta wako arudi nyuma akiwa kati yao, bila kugeuza mgongo. Rudia mara 20, ukibadilisha magadi. Tazama magoti. Yakinyooka, gadi akibadili mwelekeo mara moja tu kijana atapishanisha miguu na kupitwa. Wapinzani wa kulipwa wakiliona hilo, watamvuta kwenye skrini kila shambulizi hadi kocha amtoe.

Mikono nayo: mpe pasi 20 akiwa mbioni, nyingi ziwe za kudunda na za kiunoni, si za juu tu. Akidondosha zaidi ya nne, wenzake wataacha kumpasia. Akiudaka mpira na kuushusha hadi kiunoni kabla ya kuruka, magadi wafupi watamnyang'anya.

Kama ndoto ni NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kuna jambo jingine. Huko mlinzi haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la chini ya kikapu bila kumkaba mtu kwa karibu. FIBA haina katazo hilo. Aliyezoea kujiegesha pale atalazimika kujifunza ulinzi upya.

Muda wa kujifunza una thamani. Hakeem Olajuwon alichelewa kuanza mchezo huu, akapitia Chuo Kikuu cha Houston kabla ya kuchaguliwa wa kwanza mwaka 1984 katika drafti, yaani zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009 baada ya miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut akisifika kwa bloku, lakini msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1 na akapelekwa ligi ya maendeleo, iliyo chini ya NBA.

Kwa hiyo muulize wakala: senta gani yuko mbele yake? Kuna kocha wa masenta? Kuna timu ya pili ambako atacheza kila wiki? Majibu yakiwa ya kuzungusha, asisaini. Senta mbichi akikaa benchi mwaka mzima anarudi nyuma.

SWALI: Mwanangu ana mita 2.08 na kilo 92. Anenepe kwanza ndipo aende?

JIBU: Mzazi, mguu kwanza, mizani baadaye. Mwambie mtu mzito amsukume kwa mgongo chini ya kikapu. Akiteleza hatua mbili, anahitaji nguvu za mapaja na nyonga. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Ukiharakisha, nyayo na magoti ndiyo yanabeba. Joel Embiid, senta aliyechaguliwa wa tatu katika drafti ya NBA mwaka 2014, alikosa misimu miwili kwa jeraha la mguu. Kabla ya mkataba wowote, daktari ampige picha nyayo, magoti na mgongo, nawe ubaki na nakala.