Taya Langu Linalia, Je, Nikanyooshwe Shingo?

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, nina miaka 34. Tangu msimu wa sare za shule, taya la kulia linalia "ta!" kila nikipiga mwayo, na maumivu yanapanda hadi sikioni na kwenye kipaji. Asubuhi naamka mdomo mzito. Duka la dawa walinipa matone ya sikio, hayakusaidia. Kwingine nikaambiwa ning'oe gego. Sasa shoga yangu amenitumia video ya tabibu wa kairopraktiki: anashika kichwa cha mgonjwa, anakizungusha ghafla, shingo inaalika, mgonjwa anacheka kwa raha. Nimeulizia kliniki moja, wanataka nilipie mara 12 kwa mkupuo. Niende?
*Fundi, Tandika*

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya shingo na hela zako, nikuulize: unaposhona, pini unazishika wapi? Mafundi niliowatibu, karibu wote hunionyesha meno ya mbele. Pini menoni, uzi unakatwa kwa meno, kichwa kimeinamia mashine kutwa nzima. Usiku nao, mwenye mawazo ya oda zisizokwisha huuma meno usingizini bila kujua. (Mama yangu alinisikia nikisaga meno nikiwa mwanafunzi, akaninywesha dawa ya minyoo. Wengi bado wanaamini hivyo, lakini minyoo haihusiki.)

Weka kidole mbele ya tundu la sikio, ufungue na kufunga mdomo. Kinachocheza hapo ndicho kiungo cha taya. Sikio ni jirani yake kabisa, ndiyo maana maumivu yanakudanganya ukaenda kununua matone. Ndani ya kiungo kuna kipande chembamba cha gegedu, kama bitana kati ya vitambaa viwili. Bitana hiyo ikisogea mbele kidogo, mfupa huirukia unapofungua mdomo, ndipo husikia "ta!". Mlio peke yake, usio na maumivu, hauhitaji tiba. Watu wengi wanao. Kwa hiyo atakayekwambia mfupa umehama na ataurudisha kwa mvuto mmoja, usimkubalie. Uzito wa asubuhi na maumivu ya kipaji vinanielekeza zaidi kwenye misuli ya kutafunia iliyochoka.

Sasa hiyo kairopraktiki. Ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, na kazi yake kubwa ni uti wa mgongo. Sitakwambia kwamba mikono haisaidii taya, maana inasaidia. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya taya. Yaliyopewa uzito mkubwa ni mazoezi ya taya chini ya mtaalamu, kukanda vifundo vya misuli, kusogeza kiungo taratibu kwa mkono, na tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kukabiliana na maumivu na msongo. Ule mvuto wa ghafla ulipewa uzito mdogo zaidi. Kuchongwa meno na daktari yapungue ili "yakutane vizuri" hakukuwemo kabisa kati ya yanayopendekezwa. Na gego zima lisilouma, mwanangu, liache mdomoni.

Ninachokiogopa mimi ni shingo. Kuizungusha kwa kishindo kumewahi, ingawa ni nadra, kuendana na kuchanika kwa mshipa wa damu uendao ubongoni, na mtu akapata kiharusi. Kwa taya linalouma, sioni sababu ya kubeba hatari hiyo. Ukienda kwa tabibu yeyote wa viungo, mwambie mapema: taya langu likandwe taratibu, shingo yangu isivutwe ghafla. Na usilipie mara 12 mbele. Mtaalamu mwema atakuona mara chache, akufundishe mazoezi, kisha akupime tena.

Anzia kwa daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya rufaa ya Temeke, si mbali na kwako. Aangalie meno kwanza, kisha umwombe akupeleke kwa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono. Ikibidi, Muhimbili wapo mabingwa wa kinywa na taya.

Nyumbani anza leo. Midomo ifungwe, meno yaachane: meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana ila unapotafuna au kumeza. Bandika karatasi kwenye cherehani ikukumbushe. Kitambaa cha maji ya moto, kisichounguza, kwenye shavu dakika 15, asubuhi na jioni. Kisha gusa paa la mdomo kwa ncha ya ulimi, nyuma kidogo ya meno ya mbele, ufungue taya polepole bila ulimi kubanduka. Mara 6, na urudie mara 6 kwa siku. Kwa wiki mbili acha miwa, mahindi ya kuchoma, mishikaki migumu na bigijii. Kula mtori, wali na maharage, ndizi zilizoiva. Pini zihamie kwenye kijimto utakachovaa mkononi, uzi ukatwe kwa mkasi.

Usisubiri miadi kama maumivu ya taya yanakuja ukitembea au kupanda ngazi, pamoja na kifua kubana na jasho. Huo unaweza kuwa moyo. Vilevile uso ukivimba na homa, mdomo ukikwama wazi baada ya mwayo, au taya likikaza siku chache baada ya kujikata au kuchomwa na kitu kichafu, maana pepopunda huanzia hapo. Nenda siku hiyohiyo.

Leo jioni simama mbele ya kioo, pachika vidole vyako vitatu wimawima kati ya meno ya juu na ya chini. Kwa kawaida vitatu huingia. Andika vimeingia vingapi na tarehe. Baada ya wiki sita niandikie tena, uniambie vinaingia vingapi.