Wakubwa Wasiosikia: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Msimu wa Tamthilia za Kale

SWALI: Ndugu mwandishi, kundi la maigizo ninalolifuatilia limetangaza tamthilia tano za msimu ujao: Antigone ya Sophocles, Usiku wa Kumi na Mbili na Mfalme Lear za Shakespeare, Tartuffe ya Molière na Bustani ya Micheri ya Chekhov. Ni kundi la tamthilia za kale, kwa hiyo ukale wake siulalamikii, lakini sioni kinachoziunganisha. Je, kuna mpango, au wamekusanya tu majina makubwa? (Mpenzi wa jukwaa)

JIBU: Ndugu msomaji, majina ni makubwa kweli, lakini orodha hiyo ina mpango, na kwa maoni yangu ni mpango uliofikiriwa vizuri. Iweke kando kwa muda Usiku wa Kumi na Mbili, kisha uzitazame nne zilizobaki. Katika kila moja utamkuta mwenye nchi au mwenye nyumba anayeambiwa ukweli mapema, na watu wanaomtakia mema, naye anakataa kuusikia. Katika Antigone, iliyoandikwa takriban mwaka 441 KK, mfalme Kreon anakataza maiti ya Polyneikes isizikwe, anamhukumu Antigone kwa kumzika kaka yake, na anawapuuza mwanawe Haimon na mwaguzi Teiresias mpaka wakati wa kurekebisha mambo umekwisha kupita. Lear anamfukuza Cordelia kwa sababu binti huyo hakumsifu kwa maneno matamu kama dada zake, kisha anamfukuza Kent kwa kuthubutu kumtetea. Orgon, katika Tartuffe, anamkaribisha nyumbani mnafiki aliyejivika utakatifu, anamlaani mtoto wake wa kumzaa aliyemfichua mnafiki huyo, halafu anamwandikia mgeni mali yake yote. Naye Bi Ranevskaya wa Chekhov anaambiwa waziwazi na Lopakhin, mfanyabiashara ambaye baba na babu yake walikuwa watwana katika shamba hilohilo, kwamba shamba litapigwa mnada asipoikata bustani na kuigawa viwanja. Yeye anaona shauri hilo ni la watu wasio na ustaarabu.

Methali humwonya mdogo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tamthilia hizi nne zinauliza ni guu la nani linalovunjika pale ambapo asiyesikia ni mkuu mwenyewe, na kila moja inajibu kwa namna yake. Katika Antigone wanaokufa kwanza ni vijana wawili waliochumbiana, Antigone na Haimon, kisha mama yake Haimon, huku Kreon akibaki hai kuyabeba. Katika Mfalme Lear gharama humlipisha kila mtu, mwenye hatia na asiye na hatia, na Cordelia hulipa zaidi ya wote. Katika Tartuffe familia inaokolewa na afisa wa mfalme anayefika dakika za mwisho. Katika Bustani ya Micheri wenye shamba wanaondoka wakiwa wazima na machozi yao, huku mtumishi mzee Firs akisahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mtu atakayeyaona majibu haya manne kwa zamu, katika miezi michache, atakuwa amesikiliza mjadala ambao tamthilia moja peke yake haiwezi kuubeba.

Mpango wa msimu hata hivyo hautokani na fikra pekee. Mfalme Lear ina wahusika wanawake watatu tu, na kundi lenye waigizaji wanawake hodari haliwezi kuwaacha wakae. Ndiyo maana Bustani ya Micheri, yenye Ranevskaya, Anya, Varya, Charlotta na Dunyasha, hufaa kuwekwa karibu nayo. Antigone huchezwa mahali pamoja, mbele ya jumba la mfalme, na Sophocles aliiandika kwa waigizaji watatu waliogawana wahusika wote, wakisindikizwa na korasi, yaani kundi la waimbaji, jambo linaloacha nafasi kwa Chekhov, ambaye nyumba yake inahitaji samani na maleba ya kila tabaka. Hakimiliki nayo huhesabiwa: waandishi hawa hawadai malipo tena, lakini tafsiri mpya ya Sophocles, Molière au Chekhov ina mwenyewe anayestahili kulipwa. Na katika Sophocles uchaguzi ni mdogo, kwa kuwa aliandika tamthilia zaidi ya 120 na zilizotufikia nzima ni 7.

SWALI: Uwezo wangu unaniruhusu kuona tamthilia mbili tu kati ya hizo tano. Unanishauri zipi? (Mwanafunzi)

JIBU: Tartuffe na Mfalme Lear, na kwa mpangilio huo. Kosa la baba ni karibu lilelile katika zote mbili: anawaamini wanaomsifu na kuwafukuza wanaompenda, kisha anagawa mali yake angali hai. Molière anatufanya tulicheke kosa hilo, na Shakespeare anatuonyesha hadi chini kabisa mahali linapoweza kumfikisha mtu. Ukicheka kwanza, utaingia katika Lear ukiwa tayari unaufahamu udhaifu huo, na hutaweza kujiambia kwamba ni ugonjwa wa wafalme peke yao.

Katika Tartuffe zingatia mambo mawili. Mhusika ambaye tamthilia inaitwa kwa jina lake haonekani jukwaani mpaka tendo la tatu, na kwa matendo mawili mazima unamjua kwa kusikia tu watu wakigombana juu yake, jambo ambalo mwongozaji mwerevu hulitumia kukujengea hamu. La pili ni ule mwisho wa afisa wa mfalme, ambao wengi huuona kuwa umebandikwa. Kumbuka kwamba tamthilia hii ilionyeshwa mbele ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, mwaka 1664, ikapigwa marufuku kuonyeshwa hadharani kwa sababu watu wa dini walijiona wametukanwa, na haikuruhusiwa kikamilifu hadi mwaka 1669. Mwandishi aliyesubiri ruhusa ya mfalme kwa miaka mitano alijua vizuri ni mkono gani peke yake ungeweza kuiokoa nyumba ya Orgon, kwa kuwa ndio uliomwokoa yeye.

SWALI: Lugha ya tamthilia hizi hunishinda. Je, nizisome zote kabla ya kwenda ukumbini? (Msomaji aliyekata tamaa)

JIBU: Usikate tamaa, na usizisome zote. Tamthilia hizi ziliandikwa kwa ajili ya masikio. Usiku wa Kumi na Mbili inatupa ushahidi mzuri: mwanafunzi wa sheria John Manningham aliandika katika shajara yake kwamba aliiona London mwezi Februari 1602, lakini haikuchapishwa mpaka mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo cha Shakespeare, katika kitabu kikubwa kilichokusanya tamthilia zake 36. Kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na kitabu dukani cha kusoma kwanza. Watu walikwenda, wakasikiliza, wakaelewa.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili ana faida ambayo pengine haijui. Sikio lililozoea mizani 16 za mshororo wa shairi, au mizani 8 za utenzi, limekwisha kufundishwa kusubiri pumziko na kutambua neno lililowekwa mahali pa mkazo. Mshororo wa kawaida wa Shakespeare una mizani kumi hivi na mara nyingi hauna vina; wa Molière una mizani kumi na mbili, na vina vyake huenda viwiliviwili. Usijaribu kukamata kila neno. Ufuate mshororo kama unavyomfuata malenga anayeghani, na baada ya dakika kumi hivi sikio litakuwa limetulia. Ukipenda kupima namna mshororo usio na vina unavyoweza kubeba maigizo katika Kiswahili, tafuta tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na uzisome kwa sauti. Mwaka 2012, katika tamasha lililoleta tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37 kwenye jukwaa la Globe, London, mojawapo ilichezwa kwa Kiswahili.

Kinachofaa kusomwa kabla ni muhtasari wa kisa na orodha ya wahusika. Usiogope kuujua mwisho, kwa maana Waathene walioketi kumtazama Antigone walikuwa wakizijua habari za ukoo wa Oidipo, baba yake Antigone, tangu utotoni. Walikuja kuona zingesimuliwa vipi mara hii. Kwa Chekhov orodha ya wahusika ni ya lazima, kwa sababu Warusi huitana kwa jina la mtu pamoja na la baba yake, na mtazamaji asiyejua kwamba Lyubov Andreyevna na Bi Ranevskaya ni mtu mmoja atapoteza tendo zima la kwanza akimtafuta wa pili.

SWALI: Nimesikia kwamba Lear atachezwa na mwanamke na kwamba tamthilia itapunguzwa. Je, huku si kuiharibu kazi ya mwandishi? (Mwalimu wa fasihi)

JIBU: Mwalimu, hofu yako naiheshimu, lakini ningeigawa sehemu mbili. Kuhusu mwanamke kumwigiza Lear sina wasiwasi hata kidogo. Katika jukwaa la Shakespeare Cordelia mwenyewe alichezwa na mvulana, na Glenda Jackson alipomcheza Lear mjini London mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 80, watazamaji walimwona mzee anayevuliwa mamlaka. Kinachotakiwa kwa Lear ni pumzi ya kuhimili dhoruba na ujasiri wa kuonekana dhaifu kabisa mbele ya watu.

Kupunguza ni jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi. Tamthilia hii ilitufikia kwa matini mbili, ya mwaka 1608 na ya mwaka 1623. Hii ya pili haina takriban mistari 300 iliyomo katika ile ya kwanza, ikiwemo ile kesi ya kuigiza ambamo Lear, akili zikiwa zimemtoka, anawashtaki binti zake wasiokuwepo. Na ina takriban mistari 100 ambayo ya kwanza haina. Kwa hiyo kila mwongozaji analazimika kuchagua, hata yule anayedai kwamba hakugusa neno. Swali la haki ni nini kimetolewa na kwa sababu gani. Wakiondoa maneno kuhusu majeshi ya Ufaransa, utapoteza kidogo. Wakimpunguza Gloucester, utapoteza nusu ya tamthilia, maana yeye ni baba wa pili anayemwamini mtoto asiyestahili, na kupofushwa kwake ndiko kunakotufanya tuielewe safari ya Lear.

Kuharibu kwenyewe kumewahi kutokea. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya tamthilia hii, akamwondoa mchekeshaji wa mfalme, akamwacha Lear hai na kumwozesha Cordelia kwa Edgar, mwana mwema wa Gloucester. Kwa zaidi ya karne moja watazamaji wa Uingereza waliiona hiyo jukwaani mahali pa ile ya Shakespeare. Kipimo changu ni hiki: kupunguza kunakomfikisha mtazamaji kwenye mwisho ule mchungu akiwa macho kunakubalika, na kunakomwepusha nao hakukubaliki.

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka kumi na anapenda sana maigizo. Nimpeleke kwenye ipi? (Mama wa mtoto mmoja)

JIBU: Mama, mpeleke Usiku wa Kumi na Mbili. Ina mapacha waliotenganishwa na bahari, msichana anayejifanya mwanamume, na msimamizi wa nyumba anayedanganywa kwa barua mpaka anavaa soksi za manjano. Katika Mfalme Lear mtu anang'olewa macho mbele ya hadhira, na katika umri huo ningesubiri.

SWALI: Ratiba inaonyesha kwamba tamthilia zitapokezana wiki kwa wiki, na mwigizaji mmoja ameandikwa kuwa Feste, mchekeshaji wa Usiku wa Kumi na Mbili, na pia mchekeshaji katika Mfalme Lear. Ni uhaba wa waigizaji? (Msomaji mdadisi)

JIBU: Umeliona jambo ambalo huenda likawa zuri kuliko yote katika msimu huu. Kupokezana kwenyewe ni desturi ya zamani. Hesabu za Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose mjini London katika miaka ya 1590, zinaonyesha kundi likibadilisha tamthilia karibu kila siku, na Comédie-Française, kundi la maigizo la Ufaransa lililoundwa mwaka 1680, hupokezanisha tamthilia zake hadi leo. Inawachosha mafundi wanaobomoa na kujenga jukwaa upya, lakini waigizaji hawachakazwi na sauti moja kila usiku.

Kuhusu wahusika hao wawili, wataalamu wengi wanaamini kwamba Shakespeare aliwaandika kwa ajili ya mwigizaji mmoja, Robert Armin, aliyekuwa mchekeshaji na mwimbaji wa kundi lake. Usiku wa Kumi na Mbili inamalizika kwa wimbo wa Feste wenye kiitikio kinachosema kwamba mvua hunyesha kila siku. Katika Mfalme Lear, mzee akiwa amefungiwa nje na binti zake katika dhoruba, mchekeshaji wake anaimba ubeti wenye kiitikio hichohicho. Hapo ndipo tamthilia ya tano, niliyoiweka kando nilipomjibu msomaji wa kwanza, inapojiunga na nyingine nne. Ratiba ikikuruhusu, kata tiketi za usiku miwili iliyo karibu, uanze na Feste, na usiondoke kabla wimbo haujaisha, kwa kuwa wengi huinuka waigizaji wengine wanapotoka na kumwacha peke yake.