Jibu: Vijichembe vyenye shaba havionekani kwenye aloi ya alumini

Ndugu, umesema uliipasha aloi (mchanganyiko wa metali) yako ya alumini na shaba kwa nyuzi 190 za Selsiasi ili vijichembe vyenye shaba vijitokeze ndani yake, lakini kwenye hadubini ya elektroni unaona mabaka meusi tu, na sasa unataka kurudia upashaji wote. Subiri kwanza. Nadhani tatizo ni pembe unayotazamia.

Vijichembe vinavyojitokeza kwa upashaji huo ni visahani vyembamba mno, vimelala kwenye nyuso za mchemraba wa fuwele ya alumini. Ukitazama kwa pembe yoyote tu, vinafifia. Inamisha sampuli polepole, ukiangalia picha ya mtawanyiko (picha ya nukta zinazotokea fuwele inapotawanya elektroni), mpaka nukta zijipange kama vyumba vya karatasi ya hesabu, mraba kwa mraba. Hapo rudi kwenye taswira: utaona vijistari vyembamba vikikatana kwa pembe mraba. Hizo ni kingo za visahani. Visahani vina mielekeo mitatu, kama nyuso za mchemraba; hayo ni makundi mawili, na kundi la tatu limelala bapa, likikutazama uso kwa uso, kwa hiyo usishangae likiwa hafifu.

Yale mabaka, yakihama unapoinamisha sampuli, ni mikunjo ya sampuli yenyewe.

Kama mashine yako inaweza kupitisha mwali nukta kwa nukta na kupokea elektroni zilizotawanyika kwa pembe kubwa, itumie. Shaba ina namba ya atomu 29, alumini 13, hivyo shaba, yenye atomu nzito zaidi, itang'aa na mpaka kati ya kisahani na alumini utasomeka vizuri.

Na tafadhali, usiikate sampuli hii kwa mwali wa ayoni (atomu zenye chaji) za metali ya galiamu kama una njia ya kung'arisha kwa umeme. Galiamu hupenya kwenye mipaka iliyo ndani ya alumini, na mipaka ndiyo unayotaka kuichunguza.