Andika Kile Ambacho Mashine Inakifanya: Niliyojifunza Katika Kuandaa Matamko ya DICOM

Saa tano usiku, miaka kadhaa iliyopita, nilipigiwa simu na mteknolojia wa mionzi wa hospitali moja ya hapa Dar es Salaam ambayo tulikuwa tumeifungia mfumo wetu wa kuhifadhi picha. "Kaka, samahani kwa kukusumbua usiku huu," aliniambia. "Mgonjwa ninaye hapa mezani, lakini kwenye orodha ya mashine hayupo." Nilimpa pole, nikamwomba aingize taarifa kwa mkono ili mgonjwa asicheleweshwe, kisha nikafungua kompyuta na kutafuta jibu mahali lilipopaswa kuwepo, yaani katika tamko la kukidhi viwango nililokuwa nimeliandika mwenyewe. Lilikuwa na kurasa thelathini na nane, na hapakuwa na hata mstari mmoja uliogusa tatizo lile.

Nitarudi kwenye simu hiyo. Kwanza nieleze tamko hili ni kitu gani, kwa kuwa makala hii nawaandikia vijana wanaotengeneza programu za hospitali hapa mjini, pamoja na wahandisi wa vifaa tiba ambao hulazimika kuzisoma nyaraka zetu baada ya fedha kwisha kulipwa.

Tumezoea kusikia wito kwamba mifumo isomane. Katika picha za tiba, kusomana huko kuna kanuni zake za siku nyingi. Mwaka 1983 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani, ACR, na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, NEMA, viliunda kamati ya pamoja. Kiwango cha kwanza kikatoka mwaka 1985, na mwaka 1993 kikaja kile tunachokiita DICOM, yaani kiwango ambacho mashine za hospitali hukifuata kuhifadhi na kutumiana picha za tiba. Sehemu ya pili ya kiwango hicho inamtaka kila anayedai kukikidhi aandike tamko la kueleza anakidhi nini hasa. Sharti hilo lina sababu, maana DICOM ni pana kama Kariakoo, na mtu akikuambia kwamba ametoka Kariakoo bado hujajua amenunua kitenge au betri ya gari.

Nimekutana na nyaraka za zabuni zinazodai "cheti cha DICOM". Cheti hicho hakipo. Tamko ni dai la mtengenezaji mwenyewe, na kiwango chenyewe kinatahadharisha kwamba matamko mawili yanaweza kulingana kwenye karatasi na bado mashine mbili zikashindwa kuelewana. Vilevile, maneno "inakidhi DICOM 3.0" ambayo wauzaji huyapenda hayamsaidii mnunuzi, kwa sababu kiwango hiki hutolewa upya mara kadhaa kila mwaka na matoleo yake hutajwa kwa mwaka na herufi, mfano 2024b. Ukiyaona maneno hayo peke yake katika kipeperushi, omba tamko lenyewe kabla hamjaanza kuzungumza bei.

Kosa langu la kwanza katika uandishi lilikuwa kusema kwamba mfumo wetu "unatumia huduma ya kuhifadhi picha" bila kusema unasimama upande upi. Kila huduma ya DICOM ina pande mbili: anayeomba, ambaye huitwa SCU, na anayehudumia, ambaye huitwa SCP. CT, ile mashine ya kupiga picha za mwili vipande kwa vipande, inapotuma picha ni SCU na ghala la picha linalopokea ni SCP, lakini ghala hilohilo likisukuma picha kwenda kompyuta ya daktari, linageuka SCU. Jedwali la tamko lazima liseme hayo kwa kila aina ya picha na kwa namba tambulishi yake. Picha ya kawaida ya CT ina namba 1.2.840.10008.5.1.4.1.1.2, ile ya aina mpya, ambayo hukusanya vipande vingi ndani ya faili moja, ina namba hiyohiyo ikiongezewa ".1" mwishoni. Mashine inayoifahamu ya kwanza haina wajibu wa kuifahamu ya pili, na nukta ile moja na tarakimu moja zinaweza kumgharimu mnunuzi kompyuta nzima ya kusomea picha.

Jambo la pili ni ubanaji wa picha. Tuliwahi kuunganisha altrasaundi iliyokuwa ikituma picha zilizobanwa kwa JPEG. Ghala letu lilizipokea bila kulalamika, daktari akafungua kompyuta yake na kuona mraba mweusi, kwa kuwa programu yake haikuwa na uwezo wa kuzifungua. Hakuna aliyekosea kanuni. Lililokosekana ni sentensi moja katika tamko letu ya kueleza kwamba ghala huhifadhi picha kama ilivyofika, na kama huibanua au haiibanui pale mpokeaji anapokubali muundo wa msingi tu, yaani usiobanwa. Ukiorodhesha miundo unayoipokea, eleza pia ikitoka itakuwa katika hali gani.

Majina ya vituo vya mtandao nayapitia haraka, ingawa yalinichosha siku nzima. Jina hilo halipaswi kuzidi herufi 16. Hospitali moja ilikuwa imeviita vyumba vyake CHUMBACHAEKSIREI1 na CHUMBACHAEKSIREI2. Hesabu, utapata kumi na saba. Programu yetu ilikata herufi ya mwisho kimyakimya, vyumba viwili vikawa kimoja. Andika kikomo, andika kama herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa, na uandike mfumo wako unafanya nini jina likizidi. Taja pia namba za milango ya mtandao (port): 104 ndiyo ya kihistoria, 11112 ndiyo inayotumika sana siku hizi, na 2762 ni ya mawasiliano yaliyosimbwa.

Sasa nifike pale ambapo naona waandishi wengi wa matamko hupita kwa kasi, nami nilipita hivyohivyo: uthibitisho wa kuhifadhi. Mashine ya CT ina diski ndogo, nayo hufuta picha zake za zamani ili kupata nafasi. Kabla ya kufuta, mashine yenye adabu huliuliza ghala kama limezipokea picha hizi na kuchukua dhamana ya kuzitunza. Kutuma picha na kuambiwa "nimepokea" ni jambo moja. Kupewa dhamana ni jambo jingine, na huduma zake katika kiwango ni mbili tofauti. Mwandishi wa tamko anapaswa kueleza dhamana hiyo hutolewa wakati gani. Je, ni picha ikiwa bado kwenye kumbukumbu ya muda ya seva, au ni baada ya kuandikwa kwenye diski, au ni baada ya nakala ya pili kukamilika? Katika jiji ambalo umeme ukikatika kila mtu hugeuka kusikiliza kama jenereta imewaka, tofauti ya sekunde chache kati ya hatua hizo ina maana kubwa. Sisi tulikuwa tunatoa dhamana mapema mno. Niligundua hilo wakati nikijaribu kuiandika sentensi hiyo kwa uaminifu. Nilikwenda kwa mwenzangu aliyeandika programu ili anithibitishie, tukatazamana, akarudi mezani kwake kurekebisha. Ndiyo maana nashauri tamko lianze kuandikwa wakati programu ingali inajengwa.

Huduma hiyo ina mtego mwingine. Jibu la dhamana linaweza kurudi kwa muunganisho mpya ambao ghala ndilo linaloufungua kuelekea kwenye mashine. Iwapo ukuta wa mtandao wa hospitali unaruhusu mawasiliano ya kutoka kwenye mashine tu, jibu haliwezi kufika, mashine inaendelea kusubiri, na diski yake inajaa. Mchoro mmoja katika tamko, wenye mishale inayoonyesha nani anamfungulia nani mlango, ungewaepusha mafundi wa mtandao na ugomvi wa wiki nzima.

Nirudi kwenye simu ya usiku. Jina la mgonjwa yule lilianza na Ng' yenye ritifaa, kama yalivyo majina mengi ya ndugu zetu Wasukuma. Nilidhani ritifaa ndiyo mkosaji, lakini wagonjwa wengine wenye majina ya namna hiyo walikuwa wakionekana kwenye orodha bila shida. Ilinichukua karibu saa mbili kuona tofauti. Mapokezi waliandika majina mengi moja kwa moja, na ritifaa yao ilikuwa ile iliyonyooka. Wagonjwa wa miadi, kwa upande wao, walikuwa wameorodheshwa katika programu ya kuandikia barua, ambayo huipinda ritifaa yenyewe ili ipendeze, kisha majina yakanakiliwa na kubandikwa kwenye mfumo. Kwa jicho la binadamu alama hizo mbili ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, iliyonyooka ni baiti moja inayofahamika kila mahali, na iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu katika UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi za lugha zote, wala haimo kabisa katika seti ya herufi za Ulaya Magharibi ambayo DICOM huiita ISO_IR 100. Mfumo wetu ulikuwa ukitangaza ISO_IR 100 huku ukituma baiti za UTF-8. CT ilipokutana na alama isiyoruhusiwa, iliutupa mstari mzima, na mgonjwa akatoweka pamoja nao.

Tamko la watengenezaji wa CT ile lilikuwa na aya fupi ya seti za herufi inazozikubali, imeandikwa wazi kabisa. La kwetu ndilo lililonyamaza, na kwa kuwa lilinyamaza, wakati wa kufunga mfumo hakuna aliyelinganisha. Tulirekebisha programu ili ibadilishe ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kutuma, nami nikaandika aya inayosema hivyo bila kuficha: tunapokea herufi zipi, tunatangaza zipi, tunabadilisha zipi, na nini hutokea kwa zile tusizoweza kuzibadilisha. Siku hizi, kila ninapopewa tamko la mtu mwingine, aya ya herufi ndiyo ninayoifungua kwanza. Mtu asiyeishi na majina kama Ng'wandu huenda asilifikirie jambo hili.

Kuhusu majaribio, ushauri wangu ni kutenganisha uliyoyajaribu na uliyoyakusudia. Zipo zana za bure za kufanyia kazi hiyo, kama Orthanc na DCMTK, na mtu anaweza kusimika ghala la majaribio kwenye kompyuta mpakato na kuangalia mazungumzo yote ya mashine yake neno kwa neno. Niliwahi kukuta katika rasimu yangu huduma tatu ambazo programu yetu ilizitangaza kwa sababu tu maktaba ya msimbo tuliyoitumia kuijenga ilizitangaza. Hakuna aliyewahi kuzitumia wala kuzijaribu. Tulizifunga na kuzifuta kwenye tamko. Muuzaji wetu alinung'unika kwamba jedwali limefupika.

Toleo la programu na tarehe ya tamko viwe kwenye ukurasa wa kwanza, na kila toleo la programu liwe na tamko lake. Kama bidhaa yako inafuata mipango ya kazi ya IHE, ile juhudi iliyoanzishwa mwaka 1998 ili DICOM na HL7, kiwango cha kubadilishana taarifa za wagonjwa, vifanye kazi pamoja hospitalini, andaa na tamko lake fupi linalotaja mpango na nafasi yako ndani yake. Hilo ndilo ambalo daktari mkuu anaweza kulisoma akalielewa.

Tamko kamili tunaliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa wahandisi wa viwandani nao hulisoma. Hata hivyo, tangu usiku ule huwa naambatanisha kurasa mbili za Kiswahili kwa ajili ya chumba cha mashine: majina ya vituo, herufi zinazokubalika, taa ipi ikiwaka maana yake picha zimepata dhamana. Nilipopita tena kwenye hospitali ile nilizikuta zimebandikwa kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa skrini. Mteknolojia yule aliyenipigia simu alikuwa ameongeza mstari wake chini kwa kalamu ya bluu: "Miadi ya saa 4 asubuhi iandikwe 10:00. Ukiandika 04:00 mgonjwa hatokei." Mashine yake ilikuwa inaomba orodha kwa saa, si kwa siku nzima, na mapokezi walikuwa wakiandika saa kama tunavyoisema. Nilipiga picha karatasi ile, na katika toleo lililofuata nikaandika aya ya vichujio vya tarehe na saa, pamoja na mfano wake uleule.