Mitoko ya wachumba mjini Dar kabla ya enzi za Bilicanas

Mkuu uliyeuliza watu walikuwa wanawapeleka wapi wachumba katikati ya Dar kabla klabu ya usiku ya Bilicanas, Mtaa wa Mkwepu, haijateka mji: sehemu zilikuwepo tele. Kazi ilikuwa usafiri.

Miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, basi la UDA, shirika la usafiri la jiji, ndilo lililoamua mtoko uishe saa ngapi. Mwenye gari naye hakuwa na raha kamili, maana mafuta yalipoadimika Serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, labda uwe na kibali. Ndiyo maana Drive-In ya Msasani, sinema ya wazi unayoitazama ukiwa ndani ya gari (pale ulipo Ubalozi wa Marekani leo), ilikuwa ya siku nyingine. Unaegesha, unachukua spika kwenye nguzo, unaining'iniza kwenye kioo cha dirisha. Kioo hakifungi, kwa hiyo mbu mnao. Picha ikiisha unarudisha spika kwanza ndipo uwashe gari. Aliyenogewa na maongezi akasahau, aling'oa waya.

Jumapili ilikuwa ya sinema za mjini: Empire, Empress, Avalon, Odeon. Picha ya Kihindi Jumapili ilijaza ukumbi, tiketi zinakwisha dirishani halafu unazikuta kwa walanguzi nje kwa bei ya kukomoa. Tiketi ilinunuliwa mapema, mwenzako hajafika, asije akakuona unabembeleza walanguzi. Na hesabu muda: picha hizo zilikaribia saa tatu nzima, na mapumziko katikati. Ukiingia saa tatu usiku unatoka saa sita, basi hakuna, teksi inameza hela yote. Mjanja alianzia Sno-Cream, Mtaa wa Mansfield, kwa aiskrimu, akaingia onyesho la jioni, kisha wakashuka taratibu Kivukoni kupunga upepo hadi kituo cha Posta ya Zamani.

Kitu ambacho wasimuliaji wengi wanakiruka: 1983 ilipokuja Nguvu Kazi, operesheni ya Serikali ya kuwasaka wasio na kazi, kutembea mjini bila kitambulisho cha kazi kulikuwa hatari. Unaweza kuzolewa kama mzururaji, mchumba akabaki barabarani peke yake. Kitambulisho kilikaa mfuko wa shati.

Kumbi za hotelini, Simba Grill ya Kilimanjaro na Bandari Grill ya New Africa, zilikuwa za siku ya mshahara. Sina mengi ya kuzisemea. Watu walikwenda kuonekana.

Ukitaka kumjua mtu, ulimpeleka kwenye dansi, kwa mfano ukumbi wa DDC Kariakoo. Muziki wa bendi za akina Sikinde na Msondo ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa, magitaa yanajibizana chini chini. Hapo ndipo unapoomba kucheza, maana sauti ya kawaida inasikika. Baadaye linaingia chemko, tarumbeta zinapanda, kila mtu anajimwaga, na huwezi kusema neno. Waliongoja chemko ndipo wainuke waliishia kucheza tu, jina la binti hawakulipata. Meza nzuri haikuwa ya mbele kwenye spika bali ya pembeni ukutani, na hela ya kumtuza mwimbaji ilitengwa mapema na nauli ya watu wawili, kwa sababu wimbo ukikolea mkono ulikuwa haukumbuki nauli.