Faiwoli iliyokwama baada ya kusasishwa: angalia patisheni ya kubuti

Sasisho la faiwoli likigoma, watu hukimbilia kulaumu vifurushi, DNS au seva ya kupakulia. Kwenye pfSense na OPNsense, mifumo miwili ya faiwoli ambayo yote imejengwa juu ya FreeBSD, kuna mahali pengine pa kuangalia: kile kipande kidogo cha mwanzo wa diski ambacho hakijaguswa tangu mashine isakinishwe, yaani patisheni ya kubuti. Sasisho hubadilisha kerneli, maktaba na programu zote. Loda, programu ndogo inayoita kerneli hiyo mashine ikiwaka, hata hivyo, inaweza kubaki ileile ya zamani, ama kwa sababu hakuna kilichoiandika upya, ama kwa sababu mpya haikuenea kwenye nafasi iliyopo.

Kabla ya kugusa chochote, chomeka kebo ya konsoli. Mashine nyingi za aina hii hutumia kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Ukurasa wa wavuti hautakuonyesha kitu hapa, ila ujumbe wa konsoli unakuambia ni hatua ipi imekufa.

Sasisho likikatika katikati kwa "No space left on device" huku mashine ikiendelea kufanya kazi, una bahati. Usiiwashe upya. Angalia kwa df -h kama kilichojaa ni /boot/efi (patisheni ya EFI, inayobeba loda) au ni diski yenyewe. Ikiwa mashine imekwisha kuwashwa upya na famwea (programu ya kwanza, iliyo kwenye ubao wa mashine) inasema haioni diski ya kubuti, au inakutupa kwenye ganda la UEFI (skrini ya kuandika amri), basi faili ya loda haipo, imeandikwa nusu, au haipo kwenye njia ambayo famwea inaitafuta. Ukiona "ZFS: unsupported feature" au "all block copies unavailable", loda ipo lakini haiwezi kusoma puli ya ZFS, yaani hifadhi ya diski inayobeba mfumo mkuu. Na ukifika kwenye "mountroot>", loda imemaliza kazi yake na kerneli imeshapakiwa, kwa hiyo acha patisheni ya kubuti na uangalie mipangilio ya mfumo mkuu.

Kuna dalili moja inayotisha kuliko uzito wake: mashine inaanza vizuri, kisha inasimama kwenye hali ya mtumiaji mmoja ikilalamikia fsck, ukaguzi wa mfumo wa faili. Patisheni ya EFI ni FAT, haina jono (kumbukumbu ya maandishi yasiyokamilika), na umeme ukikatika wakati inaandikwa huvurugika. Ikiwa /boot/efi imetajwa ndani ya /etc/fstab (orodha ya patisheni zinazopachikwa mashine ikiwaka), kuvurugika huko kunatosha kuzuia mfumo mzima usiendelee. Endesha fsck_msdosfs -y kwenye patisheni hiyo, kisha washa upya.

Sasa jua mashine yako inabuti kwa njia ipi. Ikiwa bado inawaka:

sysctl machdep.bootmethod

Jibu ni UEFI (famwea ya kisasa) au BIOS (ya zamani), na matengenezo ya njia moja hayaisaidii nyingine. Kisha tazama mpangilio wa diski kwa gpart show -p. Usakinishaji wa zamani huonekana hivi:

=>      40  62533216    ada0  GPT  (30G)
        40      1600  ada0p1  efi  (800K)
      1640      1024  ada0p2  freebsd-boot  (512K)
      2664      1432          - free -  (716K)
      4096   4194304  ada0p3  freebsd-swap  (2.0G)
   4198400  58333184  ada0p4  freebsd-zfs  (28G)
  62531584      1672          - free -  (836K)

Mstari wa pili ndio kiini cha tatizo. Zamani FreeBSD ilitenga kilobaiti 800 tu kwa ajili ya EFI, kwa sababu mle ndani hamkuwa na loda kamili. Mlikuwa na boot1.efi, programu ndogo ambayo kazi yake ni kutafuta mfumo mkuu kwenye diski na kuita /boot/loader.efi iliyomo. Siku hizi loader.efi yenyewe huwekwa moja kwa moja kwenye patisheni ya EFI. Ipime kwa ls -l /boot/loader.efi, ulinganishe na nafasi iliyopo. Ukumbuke pia kwamba pkg, programu inayosakinisha vifurushi, huandika faili mpya kando kabla ya kuondoa ya zamani, kwa hiyo kwa muda mfupi zote mbili huhitaji nafasi. Kilobaiti 800 hazitoshi kwa mchezo huo.

Kufuta faili mbili tatu mle ndani ni kiraka tu. Sasisho lijalo litakwama palepale. Bora utengeneze patisheni mpya, na nafasi ya kuipata ni swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM. Pakua kwanza config.xml (faili ya mipangilio ya faiwoli) kwenye kompyuta nyingine, kisha hifadhi mpangilio wa diski kwa gpart backup ada0 > /root/ada0.gpt na faili hiyo nayo uitoe nje ya mashine. Halafu:

swapoff /dev/ada0p3
gpart delete -i 3 ada0
gpart add -t efi -a 4k -s 200M -i 3 -l efimpya ada0
gpart add -t freebsd-swap -a 4k -i 5 ada0
newfs_msdos -F 32 -c 1 /dev/gpt/efimpya

Ile gpart add ya pili haina -s, kwa hiyo swapu mpya inachukua sehemu kubwa zaidi iliyobaki, yaani karibu gigabaiti 1.8. Namba za patisheni si lazima zifuate mpangilio wa kwenye diski, usishtuke ukiona 5 imetangulia 4.

Kinachofuata ni kuweka loda. Ikiwa ile ya zamani imepachikwa, iondoe kwanza:

umount /boot/efi
mkdir -p /boot/efi
mount -t msdosfs /dev/gpt/efimpya /boot/efi
mkdir -p /boot/efi/EFI/BOOT /boot/efi/EFI/freebsd
cp /boot/loader.efi /boot/efi/EFI/BOOT/BOOTX64.EFI
cp /boot/loader.efi /boot/efi/EFI/freebsd/loader.efi
efibootmgr -a -c -l /boot/efi/EFI/freebsd/loader.efi -L faiwoli

Nakala mbili si uzembe. Njia ya EFI/BOOT/BOOTX64.EFI ndiyo famwea ya amd64 huitafuta yenyewe ikiwa haina kumbukumbu yoyote. Ya pili ni ile unayoiandikisha kwa efibootmgr. Mashine ndogo za bei nafuu husahau orodha hiyo betri ya ubao ikichoka, na hapo nakala ya kwanza ndiyo inayokuokoa.

Fungua /etc/fstab urekebishe mistari miwili: swapu sasa ni /dev/ada0p5, na /boot/efi ielekezwe kwenye /dev/gpt/efimpya. Ukisahau mstari wa pili, sasisho lijalo litaandika tena kwenye kile kipande cha kilobaiti 800. Washa upya mara moja kabla ya kurudia sasisho, uhakikishe mashine inapita njia mpya. Ikiwaka vizuri, futa ile ya zamani kwa gpart delete -i 1 ada0, kwa sababu famwea isiyo na kumbukumbu huweza kuchukua patisheni ya efi inayoikuta mwanzo.

Sasisho likiisha, kabla ya kuwasha upya kama linakuruhusu, au mara tu baada ya hapo, linganisha:

cmp /boot/loader.efi /boot/efi/EFI/BOOT/BOOTX64.EFI

Ikinyamaza, ni sawasawa. Ikisema zinatofautiana, nakili mwenyewe. Toleo unalotumia halikufanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Wa BIOS wana kazi fupi zaidi, lakini yenye mtego. Amri ni hii:

gpart bootcode -b /boot/pmbr -p /boot/gptzfsboot -i 2 ada0

Kwenye UFS, mfumo wa faili unaotumika badala ya ZFS, tumia gptboot badala ya gptzfsboot. Mtego ni ile -i. Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni huandika -i 1, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa na freebsd-boot (patisheni ya loda ya BIOS) kwenye nafasi ya kwanza. Kwa mpangilio niliouonyesha hapo juu, -i 1 inaandika msimbo wa BIOS juu ya patisheni ya EFI na kuifuta kabisa. Soma gpart show yako, usisome ya mwingine. Na usijaribu kuikuza freebsd-boot ovyo: pmbr (msimbo wa mwanzo kabisa wa diski) haipakii patisheni inayozidi kilobaiti 545, ndiyo maana hutengwa 512.

Kama mashine haiwaki kabisa, tengeneza flashi ya usakinishaji ya toleo lilelile ulilokuwa unaliendea au jipya zaidi, buti kutoka humo kwa njia ya UEFI, uchague Shell. Huhitaji hata kufungua puli yako: /boot/loader.efi iliyo kwenye flashi inafaa kunakiliwa, maana loda mpya husoma puli ya zamani. Kinyume chake ndicho kinacholeta maafa. Pachika patisheni ya EFI kwenye /tmp/efi badala ya /boot/efi, mengine ni yaleyale. Angalia jina la diski pia. Inaweza kuwa mmcsd0 kwa eMMC, na kuanzia FreeBSD 14 diski za NVMe zinaitwa nda0 pale zilipokuwa nvd0.

Hapa ndipo zpool upgrade, amri ya kuwasha uwezo mpya wa puli, inapostahili onyo. Baada ya sasisho, zpool status hukueleza kwamba kuna uwezo mpya haujawashwa, na vidole huwasha. Iache. Hatua hiyo haina kurudi nyuma, na ukiichukua wakati loda ni ya zamani, mwasho unaofuata utakutana na ujumbe kama "unsupported feature: com.klarasystems:vdev_zaps_v2". Mbaya zaidi, mazingira ya zamani ya kubuti (nakala za mfumo za kurudia) uliyokuwa umeyatunza kwa bectl huenda yasiwake tena, na hayo ndiyo yalikuwa bima yako.

Kama unatumia UFS bila swapu wala nafasi ya ziada, usihangaike kubana patisheni. UFS haipungui. Sakinisha upya na kurudisha config.xml; ni kazi fupi kuliko ukarabati.

Mwenye diski mbili kwenye kioo cha ZFS (zenye data ileile) afanye yote haya mara mbili. ZFS hunakili puli tu. Patisheni za EFI na freebsd-boot za ada1 hazijui kilichotokea kwenye ada0. Ukimaliza, zima mashine, chomoa ada0, uiwashe kwa ada1 peke yake. Ikifika kwenye menyu ya konsoli, zima, rudisha ada0, na utazame zpool status hadi diski zote mbili zisomeke ONLINE.