Mleta mada, zuia kwanza hiyo hela: mdomo wako hauingii kwenye boksi

Hongera sina. Wamekupa wengine huko juu, zinatosha. Nimeusoma uzi wako mara mbili, mara ya pili chai imeshapoa. Uko Lindi mjini, umetengeneza mchezo wa mezani wa vita vya Majimaji, ramani ya pembesita (vyumba vyenye pembe sita), kete 180, dadu mbili, na Jumatatu unapanda basi kwenda Dar kumlipa mchapaji nusu ya pesa ya nakala 1,000. Unauliza uchape 1,000 au 300, boksi liwe la ukubwa gani, toleo la kompyuta litoke pamoja au lisubiri, na usajili unaanzia ofisi ipi. Halafu katikati ya maelezo umepitisha sentensi moja kama si kitu: "Mchezo umeshajaribiwa, nimeucheza na mdogo wangu na shemeji zaidi ya mara ishirini."

Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Mkuu, mimi niko Mtwara. Nyumbani kwangu kitanda cha wageni kimeinuliwa kwa maboksi ya mchezo wangu wa vita vya Mahiwa, vile vya Vita Kuu ya Kwanza. Mgeni akilala anakuwa juu kama sultani, kushuka usiku kwenda msalani mpaka ajipange. Yaliyobaki yako stoo kwa mjomba, Mikindani, pamoja na magunia ya korosho. Jumla ni zaidi ya 800. Nilichapa 1,000. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshachoka kuipiga.

Na mimi nilikuwa nimeshaujaribu. Tena si mara ishirini, ni zaidi ya hamsini! Binamu yangu, mwalimu jirani yetu, mama watoto alipokuwa na hali nzuri. Mchezo ulikuwa mtamu. Zamu 11, kila zamu wiki moja, kuanzia Septemba 10, 1917 mpaka Novemba 25, siku ambayo Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alivuka Ruvuma pale Ngomano, akawapiga Wareno na kujichukulia bunduki na risasi zao. Zamu ya 6 ndiyo moyo wenyewe: Oktoba 15 hadi 18, Nyangao na Mahiwa, barabara hii hii tunayopita kwenda Masasi. Waingereza na Wanigeria wao wanakwenda mbele kichwa kichwa, Mjerumani na askari wake kama 1,500 wamejichimbia. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa siku nne. Niliipenda zamu ile kuliko nilivyopenda baadhi ya ndugu zangu.

Sasa sikiliza. Miezi miwili baada ya kuanza kuuza, niko kwenye pantoni ya Msangamkuu, jua la saa nane, mbele yangu mtu na mbuzi wake. Simu inaita. Kijana wa Arusha, mteja, simfahamu kabisa.

"Samahani mzee, tumeshamaliza."

"Mmemaliza nini?"

"Mchezo. Mjerumani kashinda."

Nikafurahi. Nikamuuliza wametumia muda gani, maana boksi limeandikwa saa tatu. Akasema dakika ishirini na tano, pamoja na kupanga kete. Nikamuuliza Mahiwa ilikwendaje.

"Mahiwa hatujafika."

Mjerumani wake aligeuza kete zote kusini tangu zamu ya kwanza, zamu ya 4 akawa amevuka Ruvuma na jeshi lake zima, na kijitabu changu kinasema akivuka na nusu ya askari ameshinda. Nikamwambia kwa upole wa mtu anayemsahihisha mtoto: hapana kijana, Mjerumani haruhusiwi kuvuka Ruvuma kabla ya zamu ya 9, bado ana chakula, hana sababu ya kwenda kwa Mreno. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kitu ambacho nikikikumbuka hadi leo naona aibu:

"Ukurasa wa ngapi?"

Nilikuwa na nakala mkobani. Nikafungua pale pale, pantoni inatembea, upepo unanifunulia kurasa kabla sijazisoma. Kurasa 16. Nikaanza mwanzo, nikaanza mwisho. Haipo. Sheria muhimu kuliko zote katika mchezo wangu haikuwahi kuandikwa. Ilikuwa mdomoni kwangu. Mara zote hamsini nilikuwa nimekaa pembeni, na kila binamu akisogeza kete kuelekea mtoni nilikuwa nasema "aa, hapo bado", naye anairudisha. Nilisema hivyo mpaka tukasahau wote kwamba nasema. Mchezo umeandikwa MAHIWA kwa herufi kubwa juu ya boksi, na ukiucheza kama ulivyoandikwa hakuna anayefika Mahiwa. Mbuzi alikuwa ananiangalia.

Cheka tu. Mimi nimeshacheka, mwaka wa pili.

Kwa hiyo mdogo wako na shemeji hawajajaribu mchezo. Wamekujaribu wewe. Ninachokuomba ni kimoja, na ukisahau mengine yote niliyoandika humu kishike hiki: boksi liende kwa watu wasiokujua, wewe usiwepo, simu yako wasiwe nayo, wacheze tangu kufungua boksi mpaka mtu ashinde. Makundi matatu, kila moja la mji wake. Mpaka hapo usimlipe mchapaji hata ya soda.

Najua utakachosema, kwa sababu nami nilikisema. Kwamba kuna mtaalamu amekwambia uko tayari. Mimi wangu alikuwa "mshauri wa machapisho" huko Dar, suti ya kijivu, kiyoyozi kinapuliza mpaka karatasi zinataka kuruka mezani. Alichukua milioni moja na nusu ya ushauri. Akaniambia mchezo ukishapita mikononi mwa watu kumi umeiva, hayo ya kuwapa wageni wajaribu ni anasa ya Wazungu wenye muda. Akaniambia dola inapanda, karatasi itapanda, nikichelewa wiki mbili nitalia. Ni kweli, nililia, ila si kwa sababu hiyo. Akanionyesha hesabu: nakala 300 kila moja shilingi 39,000, nakala 1,000 kila moja 21,000. "Unaona unavyookoa 18,000 kila boksi?" Nikaona. Mtu aliyezoea kuuza korosho kwa kilo akionyeshwa bei inayoshuka hivyo anapofuka. Milioni 21 zikatoka: misimu miwili ya korosho, na fungu la mama watoto la kikoba ambalo hadi leo likitajwa natoka nje kuangalia mvua kama inakuja.

Baadaye nikaja kujua kwamba yule mshauri alikuwa analipwa pia na kiwanda, kwa idadi ya nakala. Sitamtaja. Ila kama uliyekutana naye ana suti ya kijivu na anasema neno "fursa" kila baada ya sentensi mbili, tuwasiliane.

Usiniambie kosa kama langu linatibika kwa karatasi ya masahihisho. Nilichapa. Karatasi moja, sentensi tano, nikazituma kwa basi kwa kila aliyenunua. Nusu yao walikuwa wameshawaambia wenzao kwamba mchezo ni wa dakika ishirini na tano. Wengine walirudisha, nikawarudishia pesa. Masika yale maboksi ya stoo yalikaa chini ya bati lisilo na dari, kete zikapinda kama chapati za jana, lakini hilo nalitaja pembeni tu, hata zingenyooka zingemuuzia nani?

Sasa twende kwako. Umeweka picha ya ukurasa wa tatu wa sheria zako. Sijaenda hata mbali. Umeandika: "Kikosi kilichokunywa maji hakipotezi watu mpaka imani itakapovunjika." Sawa. Imani inavunjika lini? Umeandika: "baada ya kushindwa." Kushindwa na nani, wapi, kwa jedwali lipi? Kama Mjerumani haruhusiwi kukipunguza watu, atakishindaje? Mimi nikichukua upande wa wapiganaji nitakunywa maji zamu ya kwanza, nitakaa kwenye vilima vya Umatumbi, na sitatoka mpaka 1907. Nimeshinda. Dakika kumi na tano, umenipita.

Wewe unajua jibu, ndiyo maana hukuliona shimo. Kichwani mwako unaona Mahenge, Agosti 30, 1905, watu wanalikimbilia boma na bombomu, bunduki za rashasha za Mjerumani, zinawafyeka, na hapo ndipo imani inapovunjika. Unaona boma la Liwale likiungua, unaona Wangoni wakiingia baadaye, unaona njaa ambayo Wajerumani waliifanya silaha kwa kuchoma mashamba na maghala. Nina hakika shemeji alipojaribu kukaa vilimani ulimwambia "hapana, lazima ushambulie boma". Au sivyo? Mtu wa Arusha hana shemeji wa kumwambia.

Mimi nilipopata akili nilipeleka nakala kwa vijana wa kidato cha tano wasionijua. Sikuweza kukaa mbali, nakiri, nikaomba nikae pembeni na karatasi nikiwa nimefunga mdomo. Ndugu yangu, kufunga mdomo kwa saa tatu huku mtu anausoma mchezo wako vibaya ni kazi kuliko kupalilia. Kila waliposimama kubishana niliandika. Yalifika maswali 31. Mto Lukuledi nimeuchora kwenye mstari kati ya pembesita mbili, sasa daraja ni la nani? Anayetupa dadu kwanza ni nani kama wote wanashambulia? Na binti mmoja akauliza kwa nini kete za wapagazi zikiisha hakuna anayepoteza alama, zinatolewa mezani tu kama takataka. Nilikaa na swali lile wiki nzima. Katika vita ile wapagazi ndio waliokufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na magonjwa, na Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na kikosi chao. Mimi nimezaliwa huku kusini, nikawafanya wawe mafuta ya gari. Sasa hivi kila kete ya mpagazi inayotolewa inamkata alama aliyemchukua, na mchezo umebadilika kabisa: Mwingereza anafikiri mara mbili kabla ya kukimbilia Mahiwa. Yote hayo yametoka kwa mtu asiyenijua, bure, kwa soda na mihogo.

Kama huna vijana karibu, kuna programu ya VASSAL, haina malipo, unapakia ramani na kete zako humo na watu wa miji tofauti wanacheza kwa intaneti. Watumie sheria zilizoandikwa. Maelezo ya sauti usitume!

Eti 1,000 au 300. Moja. Chapa moja, ya mkono, kete ukate kwa wembe na rula. Ukishapita kwa makundi matatu ndipo tuongee idadi, na hata hapo idadi atakwambia mnunuzi. GMT Games ya Marekani, wachapishaji wa michezo ya vita ya mezani, ambao ni wakubwa kuliko ukoo wetu wote, wanakusanya kwanza oda, kawaida 500, ndipo wanachapa. Na yule Charles Roberts aliyeanzisha biashara hii kwa mchezo wake mwenyewe mwaka 1954, akaja kufungua Avalon Hill, unajua kampuni yake iliishia wapi mwanzoni mwa miaka ya 60? Mikononi mwa wadai, akiwemo mchapaji wake. Mchapaji hajawahi kupata hasara kwa sababu sheria ya Ruvuma haipo ukurasa wa 9. Yeye anauza karatasi yenye wino.

Boksi liwe lolote linaloingia chini ya kiti cha basi.

Jumatatu mpigie mwambie una msiba. Halafu nitumie nakala moja ya mkono kwa basi la asubuhi, kijitabu na kete tu. Nitacheza na binti yangu, yeye anapenda kutafuta njia za kuiba ushindi, hiyo sifa sijui kaitoa wapi. Namba yako ya simu ifute kwenye kijitabu. Na ukinipigia kuuliza tumefika wapi, sipokei.